Saa Iliyogoma Kuamka

Akina mama wenzetu, zawadi za watoto walio mbali zimebadilika. Zamani zilikuwa vitenge, sukari na sabuni, vikafungwa kwenye boksi moja na kukabidhiwa kondakta wa basi. Leo ndani ya boksi lile lile unaweza kukuta saa ya mkononi yenye kioo kama cha simu. Inahesabu hatua, inaonyesha mapigo ya moyo, na nyingine zinadai kupima hata presha. Watu wanaiita saa janja. Mtoto anaituma kwa upendo kabisa: "Mama, vaa hii, nami huku nitajua hali yako."

Inapofanya kazi hakuna neno. Shida huanza siku inapowashwa, nembo ya kampuni ikatokea katikati ya kioo, kisha basi. Haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nyingine huonyesha nembo, ikazimika, ikaonyesha tena, kutwa nzima. Sisi tunaohudumu katika kikundi cha afya cha akina mama kanisani, hapa Dodoma, tumeletewa saa za namna hiyo si mara moja. Hatuletewi kwa kuwa ni mafundi. Tunaletewa kwa sababu mwenye saa anasema, "Kipimo changu cha presha kimekufa." Kwa sisi wauguzi neno hilo ni zito kuliko saa yenyewe.

Kwa nini inakwama

Saa hizi haziwaki mara moja kama taa. Ndani yake kuna programu kubwa inayoendesha kila kitu, na lazima isomwe yote kutoka kwenye hifadhi kabla saa haijakuonyesha hata dakika. Nembo unayoiona ni kama kibao cha "Subiri" mlangoni pa daktari.

Betri ikiwa dhaifu, nguvu huisha katikati ya kazi hiyo. Saa huzimika na kuanza upya. Kama programu ilikuwa inasasishwa na chaji ikakatika, huenda imebaki nusu nusu. Hifadhi ikijaa sana, mambo huenda polepole au husimama. Kitufe kilichonasa kwa vumbi au unyevu kinaweza kuidanganya saa kwamba kidole kimeshikilia hapo. Joto nalo lina sehemu yake. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inaelekeza saa zake nyingi zitumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35. Ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani mwezi wa Novemba hapa kwetu, kiwango hicho hupitwa upesi sana.

Mama wa Bahi

Kuna mama mmoja wa kijiji cha upande wa Bahi, umri wake sitini na kitu, ambaye ametukubalia tusimulie habari zake bila kumtaja. Ana presha ya miaka mingi na anatumia vidonge vya kila siku. Binti yake, mfanyakazi wa Dar es Salaam, alimtumia saa yenye kudai kupima presha. Aliivaa miezi kadhaa, kisha ikaganda kwenye nembo. Kijana mmoja wa gulioni akataka fedha nyingi ili aifute yote na kuiwekea programu upya. Mama akakataa, akapanda basi kuja mjini kwa mdogo wake, Nkuhungu. Jumamosi jioni tukamfuata huko.

"Mbukwenyi, wanangu," akatukaribisha. Tukamwamkia, tukaketi. Akaivua saa na kutukabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mgonjwa.

Katika uuguzi tumefundishwa kuanza na jambo lisiloweza kudhuru, na kuacha kisu mwisho. Kwenye saa tulifuata utaratibu huo huo, nawe unaweza kuufuata nyumbani kwako.

Kwanza, uliza kabla ya kugusa. Je, ilikuwa inasasishwa? Kama ndiyo, iweke kwenye chaja na uiache hata saa nzima. Kazi hiyo huchukua muda, na kubonyezabonyeza katikati yake ndiko kunakoleta madhara. Ya mama huyu haikuwa hivyo. Ilizima yenyewe usiku, asubuhi haikuamka.

Pili, tazama mgongo wa saa. Nyingi za bei nafuu zina vidoti vya chuma vinavyogusana na chaja. Katika saa ya mama tulikuta vidoti hivyo vimefunikwa na utando mweupe uliokauka. Maji ya visima vingi vya upande ule yana chumvi. Naye alikuwa akifua na kuosha vyombo akiwa ameivaa, jasho likiongezeka juu yake. Tulichukua pamba, tukaitia spiriti kidogo sana, tukafuta taratibu hadi chuma kikang'aa, kisha tukaiacha ikauke. Usikwangue kwa kisu wala sindano.

Tatu, ipe chaji ya kweli. Kijijini alikuwa anaichaji kwenye sola ndogo ya kuwashia taa na redio. Umeme wake ni mdogo na hukatika wingu likipita. Tuliichomeka kwa chaja yake yenyewe kwenye soketi ya ukutani kwa muda wa saa moja. Kama saa yako imetoka juani, iache kwanza ipoe kivulini. Tumeona wengine wakiitia kwenye friji. Usifanye hivyo, kwa maana ikitoka humo unyevu wa hewa huganda juu yake na unaweza kuingia ndani.

Nne, ilazimishe kuzima na kuwaka upya. Kwenye saa za Apple unashikilia kitufe cha ubavuni pamoja na kile cha kuzungusha kwa sekunde 10 au zaidi, hadi nembo itokee. Kwenye saa nyingi za Samsung unashikilia vitufe viwili kwa pamoja kwa muda unaokaribia huo. Zenye kitufe kimoja, shikilia hicho hicho bila kuachia. Kama haina kitufe kabisa, iache mpaka chaji iishe yote, kisha ichaji upya. Kufanya hivyo hakufuti kumbukumbu zako.

Tano, kama bado imekwama, zima Bluetooth ya simu uone kama saa itawaka ikiwa peke yake. Ikiwaka, sasisha programu yake iliyoko kwenye simu, kisha uziunganishe tena.

Kuifuta saa yote irudi kama ilivyotoka kiwandani ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla ya hapo, mpigie aliyekununulia. Ukifuta saa ya Apple ambayo mwanao aliiandikisha kwa akaunti yake, huenda ikataka nywila yake kabla haijakubali kutumika tena. Utabaki na saa safi isiyofunguka. Tafuta pia risiti. Huenda waranti haijaisha, na mkono wa fundi wa mtaani ukishaifungua waranti hiyo inaweza kupotea.

Kuna dalili moja isiyotaka majaribio. Ukiona kioo kimeinuka, mgongo umevimba, au saa inachoma mkono, ivue na uache kuichaji. Betri imeharibika, na betri ya namna hiyo huweza kuwaka moto. Usiitoboe, wala usiwaachie watoto.

Saa ilipoamka

Kwa saa ya mama wa Bahi hatukufika mbali. Baada ya chaji na kushikilia kitufe, nembo ilitokea, ikakaa kama dakika mbili, kisha tarakimu zikaonekana. Wajukuu wakapiga makofi. Mama akaivaa hapo hapo, akagusa alama ya presha, akatuonyesha kwa furaha: 124 kwa 80. "Mnaona? Mimi ni mzima."

Tulikuwa na mashine yetu ya mkanda, ile tuliyoinunua kwa michango ya kikundi. Tukamwomba apumzike dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Tukapima: 172 kwa 102. Tukasubiri kidogo, tukapima tena. Ilikuwa karibu ile ile. Mkono wa pili nao ukasema hivyo hivyo.

Ndipo tukaanza kuuliza polepole. Kliniki ameenda lini? Miezi mitatu imepita. Vidonge je? Akaangalia chini. "Nilikuwa nameza leo, kesho naacha. Saa inasema niko vizuri, nikaona nisivimalize bure."

Wenzetu, tuliketi kimya kwa muda. Saa iliyoganda haikuwa hatari kwake. Hatari ilikuwa ile miezi iliyokuwa inafanya kazi. Presha haiumi. Inaweza kumharibu mtu figo, macho na moyo, au ikamletea kiharusi, huku anapalilia shamba na kuimba kwaya kama kawaida.

Tukamweleza kama tunavyokuelezeni ninyi. Mgongoni mwa saa kuna taa ndogo, mara nyingi ya kijani. Inamulika ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita kwa kila pigo. Kwa kuhesabu mapigo inasaidia. Lakini presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, na saa nyingi haziipimi. Zinaikisia kwa hesabu. Hata zile za Samsung zenye huduma hiyo hutaka zilinganishwe na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Kuhusu sukari ni afadhali tuseme wazi zaidi. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa ilikuwa haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa sukari akipunguza au kuongeza dawa kwa kufuata tarakimu hizo anaweza kupoteza maisha.

Mama akasikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia. "Sasa mwanangu nitamwambiaje? Amejinyima akanunua."

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua, wala si 172. Na ni mama gani asiyemwelewa? Zawadi ya mtoto ni heshima kwa mzazi. Ukisema haifai, unaona kama umeusema vibaya upendo wake. Tukampigia binti pale pale, sisi tukiwapo, tukamweleza hali yote bila kulaumu mtu. Alikaa kimya, kisha sauti ikatetemeka: "Sasa ninunue nini?" Kabla hatujajibu, mama akaichukua simu. "Usinunue kitu, mwanangu. Nipigie kila Jumapili uniulize nimeandika ngapi."

Jumatatu alirudi kliniki na mdogo wake. Sisi hatukugusa dawa zake. Hiyo ni kazi ya daktari wake. Tulichofanya ni kuweka kengele kwenye saa ile, ilie kila siku saa 2 asubuhi wakati wa kidonge. Tukampa daftari la kuandika vipimo vya zahanati. Alipokuja tena baada ya wiki tano, mashine ya mkanda ilisoma 146 kwa 88. Bado kuna safari, lakini anaelekea kuzuri. Saa anaivaa bado. Akifua, huivua na kuiweka dirishani kwenye kivuli.

Tunayowaomba

Kama mwanao amekutumia saa, ivae na umshukuru. Itunze, ifute jasho kila jioni, na ikigoma kuamka fuata utaratibu tuliousema bila hofu. Lakini usiruhusu iamue dawa zako. Presha ipimwe kwa mkanda wa mkononi, zahanati au kwa mashine iliyo nzima, na vipimo viandikwe kwenye daftari. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, mwone mtaalamu. Ikifika 180 kwa 120, pumzika kidogo upime tena. Isiposhuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama pamoja nayo kuna kichwa kikali, kifua kuuma, macho kufifia, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, nenda sasa hivi.

Nanyi mnaowatumia wazazi zawadi, kabla ya kuuliza kama saa inawaka, ulizeni kama vidonge vipo na kama kliniki mama amekwenda. Saa iliyoganda inaweza kusubiri wiki mbili kwa fundi. Kidonge cha leo humezwa leo, saa iwe imeamka au haijaamka.