Aliyekunywa Petroli ya Baba

Msomaji mpenzi, kama hujawahi kupanda mlima unaotoka mtoni Gura ukiwa nyuma ya pikapu kuukuu iliyojaa ndizi, basi bado hujaijua Mukurweini. Kwetu hakuna tambarare. Ukitoka nyumbani unateremka, na ukishateremka huna budi kupanda. Magari ya wenyewe hupanda yakiimba. Pikapu ya baba ilikuwa ikipanda ikilia, gia ya kwanza, moshi mweusi ukifuka nyuma kama wa jiko la kuni mbichi, na watoto wa shule ya msingi wakitupita kwa miguu huku wakitupungia mikono. Mimi niliyeketi juu ya mikungu nilikuwa nikijifanya kutazama upande wa pili. Hata hivyo, moyoni mwangu kulikuwa na jambo zito kuliko aibu. Nitalieleza, lakini kila jambo na wakati wake.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 la petroli, silinda nne. Guka ndiye aliyelinunua likiwa tayari limetumika, kisha akamwachia baba. Wenzangu wa kidato cha tatu hulicheka, lakini lau wangejua sifa zake wangelivulia kofia. Aina hii ya gari ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya. Pikapu zake zilianza kutoka mwaka wa 1979. Hapa Kenya 504 ilishinda mbio za Safari Rally mara mbili: mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka wa 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Guka husimulia mbio hizo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Magari haya yaliunganishwa papa hapa nchini, Mombasa, hadi mwaka wa 2004, ndiyo sababu vipuri vyake bado hupatikana kwa mafundi wa jua kali bila kuhangaika sana.

Kwetu pikapu hiyo ndiyo shamba la pili. Alfajiri baba hupeleka maziwa ya majirani kwenye kituo cha kukusanyia, na siku za soko hubeba ndizi na maparachichi hadi Karatina. Pesa hizo ndizo karo yangu na ya dada yangu aliye chuoni. Lakini gari lilikuwa linakunywa. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA wanapotangaza bei ya mafuta, baba hukaa karibu na redio kama mtahiniwa anayengoja matokeo. Mwaka wa 2023 ushuru wa VAT wa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba mwaka huo lita moja ya petroli ilikuwa imepita shilingi 200. Ni hapo baba alipoanza kusema maneno ya kuuza gari.

Mwaka jana mambo yakazidi kuharibika. Petroli iliyokuwa ikitosha wiki nzima ikawa inaisha siku ya nne. Baba alitafuta sababu, akaamini ameipata. Tulikuwa na utingo, kijana wa kijiji chetu aliyepakia na kupakua mizigo kwa miaka mitatu. Gari lililala kwetu, lakini yeye ndiye aliyeliosha jioni. Baba akashuku kwamba anafyonza petroli kwa mpira na kuwauzia watu wa bodaboda. Kijana aliapa kwa jina la mama yake. Baba akamlipa siku zake akamwambia asirudi tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa zizi nikiwa na ndoo mkononi. Nikanyamaza kimya kama maji mtungini.

Sasa naomba walimu wangu wasinihukumu kabla hawajafika mwisho. Likizo ya Aprili, nikiwa kidato cha pili, makanga mmoja wa matatu alinipa elimu ya bure. Aliniambia, "Nguvu ya gari ni mafuta, kijana. Ukipanua pale mahali mafuta inapitia, hiyo kitu ya babako itaruka kama mpya." Baba alipoenda harambee ya jirani, nilifungua bonneti, nikafungua kabureta, nikaitoa ile jeti. Jeti ni kijisukurubu cha shaba chenye tundu jembamba katikati, na petroli yote inayokwenda kwenye injini gari likiwa mbioni hupimwa na tundu hilo. Nilinoa spoki ya baiskeli nikalitoboa nikalizungusha hadi likapanuka. Kisha nikarudisha kila kitu mahali pake. Kwa siku mbili tatu nilijiona bingwa, kwa kuwa asubuhi ya baridi injini iliwaka upesi kuliko kawaida. Baadaye moshi mweusi ukaanza. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako!

Mwezi wa Januari mwaka huu mtu mmoja alikuja kutoka Karatina, akalizunguka gari, akapiga tairi teke, akataja bei ya kutia uchungu. Baba akamwambia ampe mwezi mmoja afikirie. Usiku huo sikulala. Nilijua kwamba mwezi ukiisha gari litakwenda na siri yangu, na utingo atabaki mwizi mbele ya kijiji kizima.

Nilianza na kitu ambacho mwalimu wetu wa fizikia hutuambia kila siku: pima kwanza. Nilitafuta daftari. Tulijaza tangi hadi shingoni, nikaandika namba iliyokuwa kwenye saa ya kilomita (shukuru Mungu, hiyo haijafa), na baada ya wiki tukajaza tena hadi pale pale. Kilomita 184 kwa lita 31. Ukigawanya unapata chini kidogo ya kilomita 6 kwa lita. Baba aliiangalia hiyo hesabu akatikisa kichwa.

Baba naye alikuwa na dawa yake. Alikuwa amenunua sokoni sumaku mbili za kufunga kwenye mpira wa petroli, ambazo muuzaji aliapa kwamba zitapunguza mafuta kwa thuluthi. Zilifungwa, na hazikupunguza hata tone. Petroli si misumari hata ivutwe na sumaku. Nimesoma kwamba shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira limechunguza zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na ni vichache mno vilivyosaidia hata kidogo. Wauzaji nao hawajaisha.

Basi nikamsihi baba twende kwa fundi mmoja wa jua kali pale Kiahungu. Huyu ni mzee asiyependa maneno. Hakufungua bonneti. Alituambia tutoe gia, tuachilie breki ya mkono, tusukume gari mahali palipo sawa. Tulisukuma watatu, jasho likatutoka, gari likasonga kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini. Fundi akaenda akagusa magurudumu moja baada ya jingine. La nyuma kushoto lilikuwa moto.

"Breki inashika," alisema. "Mnaendesha gari na mguu kwa breki halafu mnalia petroli."

Waya ya breki ya mkono ilikuwa imeshika kutu, ikawa hairudi. Tairi zote nne zilikuwa na upepo kidogo, na tairi laini huvuta gari nyuma. Filta ya hewa ilikuwa nyekundu kwa vumbi letu la kiangazi. Alipoigonga kwenye jiwe tulipiga chafya sote. Nyuma, chini ya maturubai, palikuwa na mifuko miwili ya mchanga ambayo baba alikuwa akiibeba tangu mvua ya mwaka juzi ili gari lisiteleze. Fundi aliishusha mwenyewe bila kuuliza mtu. Pia alimkanya baba asiteremke tena na gia ya bure. Baba alidhani kwamba anaokoa mafuta. Fundi alimwambia, "Mzee, na mteremko wa huku, siku breki ikikataa utaokoa mafuta milele."

Wiki iliyofuata daftari lilisema kilomita 176 kwa lita 25, yaani kilomita 7 kwa lita. Baba alitabasamu kidogo. Lakini moshi mweusi haukuwa umeisha, na mimi nilijua kwa nini.

Tuliporudi, fundi alitoa plagi. Plagi nzuri huwa na rangi ya biskuti mdomoni. Zetu zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Akasafisha, akapima nafasi zake, akasawazisha pointi za distributa, kisha akaizungusha distributa kidogo kidogo huku ameinamisha sikio kama daktari. Cheche zilikuwa zinachelewa, na cheche ikichelewa, moto husukuma pistoni wakati imekwisha kuanza kushuka, nguvu nyingi zikatoka na moshi. Halafu akafungua kabureta. Nilihisi magoti yakilegea.

Aliitoa jeti, akaipuliza, akaielekeza kwenye jua akachungulia. Akanyamaza. Akachukua jeti nyingine kutoka kwenye mkebe wa vipuri akazilinganisha.

"Nani amechokora hii jeti?"

"Hakuna mtu amefungua hiyo," baba akajibu.

Fundi alinitazama mimi. Hakuendelea kusema. Nami nikatazama viatu vyangu.

Hapa acheni niseme kidogo yale niliyojifunza, maana nimeyalipia. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Ukizidisha petroli kidogo utapata nguvu kidogo, lakini ukizidisha zaidi ya hapo hakuna hewa ya kuiunguza, nayo hutoka nyuma ikiwa moshi mweusi na masizi. Tena hewa yenyewe kwetu ni chache. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta haina akili ya kujua imepandishwa mlimani. Jeti inayofaa Mombasa, ukiileta huku, tayari inatoa petroli nyingi kupita kiasi, nami nilikuwa nimeongeza juu ya hiyo ziada! Zile nguvu zilizopotea kwa sababu ya hewa nyepesi fundi hawezi kuzirudisha zote, lakini petroli ya bure anaweza kuizuia. Kwa hiyo alichagua jeti yenye namba ndogo kidogo kuliko ile ya awali. Namba hiyo huchapwa kwenye jeti yenyewe, nayo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Fikiria basi spoki ya baiskeli ilifanya nini mahali hapo.

Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Kesho yake alfajiri, baba akikama, nilienda zizini nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile ya utingo. Nikamwambia yote: makanga, spoki, harambee. Hakuacha kukama. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo hadi ng'ombe akaisha, ndipo akauliza:

"Na siku nilimfukuza huyo kijana, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa."

Mimi nina jina la guka, kwa hiyo kwa desturi yetu baba naye huniita "baba" akiwa na furaha. Asubuhi hiyo aliniita kwa jina langu la shuleni. Ningeona afadhali anichape.

Wiki hiyo tulipima tena: kilomita 190 kwa lita 21, yaani zaidi kidogo ya kilomita 9 kwa lita. Kwa ulaji wa zamani safari hizo zingetaka lita 32. Ukichukua lita moja kuwa shilingi 180, hizo lita 11 ni karibu shilingi 2,000 kila wiki. Nikazidisha kurudi nyuma hadi Aprili ya mwaka jana, nikafunga daftari kabla ya kufika mwisho. Bado kuna moshi wa buluu kidogo asubuhi, ambao fundi anasema ni ringi za pistoni zimelika, na hizo zitangoja pesa. Yule mnunuzi wa Karatina aliporudi baba alimpa chai, akamwambia kwamba gari haliuzwi.

Jumapili baada ya kanisa, baba na mimi tulikwenda kwa kina utingo. Alikuwa amepata kibarua cha kuvunja kokoto, mikono yake ikiwa imejaa malengelenge. Baba alivua kofia, mbele ya mama ya yule kijana akasema, "Nilikukosea. Petroli haikuibwa." Kisha akanigeukia, nami nikasema yangu. Niliyoyaandika hapa ni mepesi kuliko nilivyoyasema siku hiyo. Kijana alinitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni wewe," akasema, basi. Mama yake ndiye aliyetutilia chai. Baba alimpa bahasha, akaipokea, lakini alipoombwa arudi kazini alijibu kwamba atafikiria.

Hadi leo ninapoandika makala haya hajarudi. Pikapu sasa hupanda mlima wa Gura kwa gia ya pili, na watoto wa shule ya msingi hawatupiti tena. Nyuma, juu ya ndizi, mimi hukaa peke yangu, na kupakia pia napakia peke yangu. Jumamosi baba amesema tutaenda kumwuliza tena.