Hedifoni za Mgongo Wazi

Kuta za flati yetu hapa Leicester ni nyembamba, jirani wa chini akikohoa tunamwombea afya. Ndiyo maana taarabu kwetu husikilizwa kwa hedifoni, tena usiku, watoto wakishalala. Marehemu baba aliacha kanda 11 alizorekodi Unguja kwa kuweka redio-kaseti mbele ya redio ya jirani. Kaka yangu aliyeko Muscat amezihamishia kwenye kompyuta, na saa yangu moja ya kuzisikiliza siiuzi.

Hedifoni zangu za kwanza zilikuwa zile zinazoziba sikio lote. Zilifanya kazi yake barabara, na balaa lilikuwa hapo hapo. Usiku mmoja wa Januari mwanangu wa miaka 6, ambaye ana pumu, aliamka kifua kimembana. Aliniita, sikusikia. Nilimwona tu alipofika mbele yangu, ameshika ukuta, hana pumzi hata ya kulia. Pampu yake ilikuwa juu ya kabati, haifikii. Alipata nafuu, alhamdulillahi, lakini hedifoni zile sikuzivaa tena.

Miezi mitatu baadaye kaka akanishauri nitafute za mgongo wazi. Hizi nyuma zina wavu badala ya kifuniko, kwa hiyo muziki unavuja nje na sauti za nyumba zinaingia. Usizivae basini wala maktaba, wenzako watakuchukia. Mwanafunzi anayelala chumba kimoja na mwenzake pia azikwepe. Kwa mama aliye peke yake sebuleni, ndizo hasa.

Nikanunua Sennheiser HD 600, mkono wa pili. Kuzichomeka kwenye simu, fidla zikawa kama zinapigwa Chumbe nami niko Forodhani, hata nilipopandisha sauti hadi mwisho. Nikajua nimeuziwa mbovu.

“Dada, si mbovu, zina njaa,” kaka alicheka.

Ukinzani wake ni omu 300, na simu nyingi hazitoi volti za kutosha kuzisukuma. Za omu 32 kwa kawaida simu inazimudu, ingawa omu peke yake haisemi yote, maana ziko nyepesi na ziko nzito kuamka. Mimi ningesema nunua hedifoni kwanza, sikiliza, halafu ndiyo uulize habari ya amplifaya. Muuzaji mmoja alitaka nichukue ya paundi 400! Nilichukua ya 80, ndogo kama kisahani cha chai, inanitosha kabisa. Ila ina nguvu, kwa hiyo kitufe cha sauti nakirudisha sifuri kabla sijazivaa.

Msitarajie amplifaya isafishe kanda. Mchakacho wa kanda za baba sasa nausikia zaidi kuliko zamani. Lakini juzi, katika kanda ya nne, ganuni ikiwa imeshika kasi, mtu alisema kwa mbali, “Funga mlango huo, vumbi linaingia.” Alikuwa baba. Kanda ile nimeisikiliza tangu utotoni na sikuwahi kujua kuwa yumo ndani yake.

Nami, kwa hedifoni hizi, sikuweza kujua kama sauti imetoka kwenye kanda au chumbani. Niligeuka kuutazama mlango. Ulikuwa wazi, na mwanangu anakoroma.