Thamani ya Sauti Sikioni

Sauti haina mizani sokoni. Mchuuzi wa samaki hupima changu kwa kilo, na muuza nguo hupima kwa yadi. Bali yule anayeuza hedifoni ndogo za kutia ndani ya sikio hana cha kumpimia mnunuzi isipokuwa maneno. Atasema sauti hii ni safi, ile ni nzito, nyengine ina nafasi, nyengine ina uhai. Leo hii zipo hedifoni za namna hiyo zinazouzwa dola 20 za Kimarekani, na zipo zilizotoka kiwandani kwa bei ya dola 1,300. Zote hukaa katika tundu moja la sikio, zote huning'inia kwa waya, na mnunuzi hutakiwa aamini kwamba tofauti ya mara 65 katika bei ina jambo la kulieleza sikio lake. Je, sikio hulisikia jambo hilo?

Swali hili lingeweza kubaki mazungumzo ya barazani, lau si kwamba kwangu lilikuja na fedha za watu. Ami yangu, ambaye ana umri wa miaka 76, alipiga fidla katika vikundi vya taarab asilia kwa zaidi ya miaka 40. Baada ya kustaafu alibakiwa na kasha la kaseti za maonyesho ya zamani, ambazo baadhi yake alizihamishia katika simu kwa msaada wa vijana wa mtaani. Akaanza kulalamika kwamba fidla yake mwenyewe "imeingia ukungu". Wanawe, mmoja yuko Maskati na mwengine London, wakachangishana dola 1,100 na kunikabidhi mimi dhamana: nimtafutie mzee hedifoni zilizo bora kuliko zote zinazopatikana kwa kiasi hicho. Fedha za watoto kwa mzazi wao si za kufanyia mzaha, na mimi nikaona ni wajibu wangu kusikiliza kwanza kabla ya kununua.

Inafaa msomaji ajue asili ya vifaa hivi, kwani asili yake inaeleza mengi. Mwaka 1983, Mead Killion, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya usikivu, aliasisi kampuni ya Etymotic Research katika jimbo la Illinois, na mwaka 1991 ikatoa ER-4, mojawapo ya hedifoni za mwanzo kabisa za ubora wa juu zilizotengenezwa kuingia ndani ya mfereji wa sikio. Miaka minne baadaye, mwaka 1995, Jerry Harvey, fundi wa sauti za jukwaani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen hedifoni za aina hiyo ili apate kujisikia katikati ya kishindo cha spika, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kwa hiyo vifaa hivi havikuanza kuwa pambo la tajiri. Kimoja kilitoka katika maabara ya usikivu, na kingine kilitoka kwa mtu anayefanya kazi penye kelele.

Ndani yake hupatikana mojawapo ya namna mbili kuu za kutoa sauti. Ya kwanza ni ile ya spika ya kawaida iliyofanywa ndogo: kiwambo chembamba kilichoungwa na koili ya waya mbele ya sumaku. Ya pili ni ulimi mwembamba wa chuma uliowekwa baina ya sumaku, ambao hutikisika umeme unapopita na kuusukuma utando mdogo kwa kipini. Namna hii ya pili imetumika kwa miongo mingi katika shimesikio, yaani vile vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, kwa kuwa ni ndogo mno na haitaki umeme mwingi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litarejea.

Nilifanikiwa kuazima jozi tatu kutoka kwa watu watatu, na ya nne nikainunua. Ya kwanza ilikuwa Etymotic ER4SR, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 349, yenye ulimi mmoja wa chuma kila upande. Ya pili ni Shure SE846, iliyotoka mwaka 2013 kwa dola 999, yenye ndimi nne kila upande na mfereji wa sahani za chuma cha pua 10 unaoichuja besi. Ya tatu ni Sennheiser IE 900 ya mwaka 2021, ile ya dola 1,300; kiwambo chake ni kimoja tu, cha milimita 7, ndani ya ganda la alumini lililochongwa kwa mashine. Bei yake ilipita kiasi nilichopewa, lakini nilitaka kujua kama kulikuwa na sababu ya kuwaomba ndugu zangu waongeze. Ya nne ilikuwa Moondrop Chu, iliyotengenezwa China mwaka 2022 na kuuzwa dola 20.

Anayetaka kulinganisha sauti hana budi kulinganisha kwanza ukubwa wake. Sikio hudanganyika kwa urahisi: sauti iliyozidi kwa desibeli moja tu huonekana bora, wala msikilizaji hatambui kwamba ameongezewa ukubwa na si uzuri. Kwa hiyo nilizipima zote kwa maikrofoni ndogo na kuzisawazisha. Kisha nikachagua nyimbo chache ninazozijua kwa moyo: rekodi za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, sauti ya Bi Kidude, aliyefariki dunia Aprili 2013, na sauti ya Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodiwa santuri. Nikaongeza na kaseti mbili za Ami.

ER4SR ndiyo iliyonifundisha nidhamu. Kizibo chake chenye ngazi tatu huingia ndani sana, na ukishaingia, dunia ya nje hufungwa kama mlango wa msikiti wakati wa mvua. Fidla nne zilizopiga pamoja niliweza kuzitenga moja moja, na pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti ikawa wazi. Besi ilikuwepo kwa kipimo cha haki, lakini dumbak halikukupiga kifuani. SE846 ilikuwa kinyume chake: sello na besi zilisimama kama nguzo, udi ukawa na mwili wa mbao, ila ukali wa fidla ulifunikwa kidogo na ncha za kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi zinazofungwa tatu tatu, zikalainika. IE 900 ilikusanya pande zote mbili: kina cha chini na mng'aro wa juu, na nafasi baina ya ala moja na nyengine iliyonifanya nifumbe macho. Lau ningeulizwa ipi niliipenda, ningeitaja hiyo bila kusita.

Lakini kupenda si kuthamini. Ile ya dola 20, iliyokuja na waya usiochomoka na ganda dogo la chuma, ilinikalisha kitako. Haikutenga fidla kama ER4SR, na penye ala nyingi ilijichanganya kidogo. Hata hivyo ulingano wa sauti zake, yaani uwiano wa nzito, za kati na nyembamba, ulikuwa wa kweli. Mwimbaji alikuwa mahali pake na fidla ilikuwa fidla. Tofauti kati yake na ile ya dola 1,300 ilikuwepo na niliisikia, ila haikuwa ya mara 65, wala ya mara tano. Na katika rekodi za Siti ilikaribia kutoweka kabisa, kwa sababu santuri za zama zile hazikushika sauti nyembamba za juu wala nzito za chini kabisa; hedifoni ya bei kubwa ilichonizidishia ni kuyasikia vizuri zaidi makwaruzo ya sindano.

Jambo hili halikuwa geni kwa wataalamu. Mwaka 2017, Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kulinganisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali na bei zake za dukani, na hakuona uhusiano baina ya bei na ulingano wa sauti. Basi fedha inanunua nini? Inanunua vitu halisi, tusiwadhulumu watengenezaji: ganda lililochongwa vizuri, waya unaobadilishwa, udhamini, na upande wa kulia unaofanana sawasawa na wa kushoto; ER4SR, kwa mfano, huja na hati ya vipimo vya jozi ile ile uliyonunua. Inanunua pia vipande vidogo vya mwisho vya ubora, ambavyo ndivyo ghali zaidi katika kila ufundi. Mchonga milango anajua kwamba ua la mwisho pembeni mwa kizingiti humchukua siku nyingi kuliko ubao mzima, na wapitao wengi hawataliona.

Kilichobaki kilikuwa sikio lenyewe la mnunuliwa. Nilimpelekea Ami jozi zote nne, nikazisawazisha ukubwa, nikamtaka azisikilize bila kumwambia bei. ER4SR aliitoa mara moja: "Mwanangu, hii inataka kuingia kwenye ubongo." Nyengine tatu alizisikiliza kwa adabu, wimbo mmoja huo huo, kisha akasema zote ni nzuri na zote zina ukungu. Alipoachiwa kurekebisha mwenyewe, aliongeza ukubwa hadi mimi niliyekaa hatua mbili nikayasikia maneno ya wimbo.

Hapo niliingiwa na khofu, na maongezi kuhusu ubora wa hedifoni yakakoma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika ukubwa wa desibeli 80, na kila desibeli tatu zikizidi, muda huo hukatwa nusu. Zikifika 90, zimebaki saa nne tu kwa wiki. Mzee alikuwa akisikiliza kila usiku. Kile alichokiita ukungu hakikuwa katika kifaa. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio, na kipimo kikaonyesha mteremko unaowapata wengi uzeeni: sauti nzito bado anazisikia, nyembamba zimemtoka. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyozipokea vikifa, haviotei tena, na hedifoni ya bei yoyote haiwezi kuvifufua.

Nilimwuliza Ami hukosa nini hasa katika nyimbo. Alisema vina anavisikia vyote, ila maneno ya katikati ya mshororo humpotea. Nililifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Kina cha Kiswahili hutua juu ya irabu, na irabu ina nguvu na uzito. Sikio zee huishika. Bali herufi kama *s*, *f* na *sh* ni pumzi tupu, na ndizo zinazokimbia mwanzo. Kwa hiyo mzee alikuwa akisikia umbo la shairi na kupoteza maana yake. Kwa mtu aliyekulia katika taarab, ambayo msikilizaji wake huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ya neno moja lililomgusa, hiyo ni hasara kubwa kuliko kupotelewa na besi.

Niliwaandikia wanawe nikawaeleza haya yote, na nikawashauri dola zao zigawanywe kwa namna nyengine. Sehemu kubwa iliingia katika shimesikio, ambalo ndani yake mna ulimi ule ule wa chuma nilioueleza, ndugu wa zile ndimi nne za SE846, isipokuwa hili limepangwa kulingana na sikio la mtu mmoja na hunyanyua pale tu palipodidimia. Sehemu ya pili ilikwenda kwa fundi wa kaseti. Unyevu wa visiwani ni adui wa utepe: kuvu huota, na tabaka la sumaku hubambuka. Fundi alisafisha kaseti 60 moja baada ya moja, akakirekebisha kichwa cha kusomea kwa kila kaseti mpaka sauti nyembamba zilizokuwa zimezama zikaibuka. Ukungu mwengine, kumbe, ulikuwa humo. Kaseti saba zilikwisha kuharibika zisitoe kitu, na mojawapo ni ya harusi ambayo wapigaji wake, isipokuwa Ami, wote wamekwisha kufariki.

Mwana wa London hakuridhika mara moja. Alijibu kwamba alitaka baba yake apate kitu kizuri cha kushika mkononi, na mimi namwelewa; kifaa cha thamani ni salamu inayoonekana, na aliye mbali huitaka salamu yake ionekane. Nilimpelekea wimbo mmoja uliosafishwa, ambao fidla ya baba yake inaongoza peke yake kabla ya kiitikio. Siku tatu hakuandika kitu. Siku ya nne akaomba nyimbo zote zilizobaki.

Hedifoni anazotumia Ami ni zile za dola 20. Hulivua shimesikio, huzivaa, na simu imekwisha kupangwa inyanyue kidogo sauti za juu na isipite kiasi tulichokiwekea mpaka. Nikimzuru usiku, hunyoosha mkono na kunipa upande mmoja wa waya, upande wa pili ukabaki kwake. Kaseti zile zilirekodiwa kwa maikrofoni moja iliyosimamishwa mbele ya kikundi, kwa hiyo kilichomo upande wa kulia ndicho kilichomo upande wa kushoto, na hakuna kati yetu anayepungukiwa na kitu.