Matokeo ya Binti Yangu Yalifutwa

Mnajua siku ile matokeo ya Mtihani wa Serkali yanapotoka. Vijana wanakimbia barabarani, wanamwagiwa unga mweupe kichwani na usoni, mama zao wanapiga vigelegele, pikipiki zinapiga honi mpaka usiku. Nyumba isiyo na unga inafunga mlango mapema. Mwaka wa 2013 nyumba yangu ilikuwa moja ya zile zilizofunga mlango. Leo nataka kuwasimulia sababu yake, kwa maana mwenye kosa nilikuwa mimi, na kwa muda mrefu nililaumu wengine.

Kwanza tuukumbuke mtihani wenyewe. Mtihani huu, ambao watu huuita Exetat, ulianza katika nchi yetu mwaka wa 1967. Nia yake ni njema: mtoto wa Kinshasa na mtoto wa kijiji cha Kivu wapimwe kwa kipimo kimoja. Anayepata 50 kwa mia anapewa Diploma ya Serkali. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa, na karatasi za wanafunzi wanaokaa jirani hazifanani, ili jicho lisiibe. Simu imekatazwa kuingia chumbani. Amri hizi zote ni nzuri. Lakini amri haina mikono. Inangoja mikono ya watu, na mikono ile ikipokea feza, amri inalala.

Mimi nimefundisha miaka 31 katika shule za msingi za misioni. Binti yangu wa tatu alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, katika shule nyingine. Kabla ya mtihani, komite ya wazazi ilituita. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole: « Wazazi, wageni wanakuja kuwasimamia watoto wetu. Mgeni hapokelewi kwa mikono mitupu. » Kila mzazi akaombwa dola 15. Hakuna aliyetamka neno wizi. Hakuna aliyetamka neno rushwa. Walisema ni kuwatia wasimamizi moyo.

Nilielewa vizuri. Mimi niliyewaadhibu watoto wengi kwa sababu ya kuchungulia daftari la jirani, nilitia mkono mfukoni nikatoa dola 15. Nikajiambia: wote wanatoa, nisipotoa, mtoto wangu atateswa peke yake. Ndugu, shetani hana haja ya maneno mengi kwa mzazi mwenye hofu.

Binti yangu hakujua kitu. Alisoma kila usiku karibu na taa, yeye na rafiki yake, hesabu na fizika, mpaka mama yake akawafukuza walale. Mtihani unachukua siku 4. Siku ya tatu karatasi ndogo yenye majibu ilizunguka chumbani, na msimamizi akageuka kutazama dirishani. Binti yangu aliniambia baadaye: « Baba, ilipofika kwangu niliipitisha nyuma. Niliogopa sana, lakini sikuisoma. » Mimi namsadiki. Lakini nani mwingine angemsadiki? Inspekta walikuta majibu ya wanafunzi wengi yanafanana, hata makosa yao yanafanana. Wakafuta matokeo ya darasa zima.

Wazee walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, mtoto wangu akala.

Siku zile za kwanza sikuwaza hivyo. Nilizunguka mtaani nikiwatukana inspekta. Nikasema wamewaacha wezi wakubwa na kuwapiga watoto. Jioni moja nikakaa mezani kuandika barua ya kulalamika. Binti yangu akaja kunisaidia, kwa sababu Kifaransa chake ni kizuri kupita changu. Akasoma nilichoandika, akasema: « Baba, ongeza kwamba sisi hatukutoa kitu. »

Mkono wangu ukasimama. Nikamwambia taa inanichosha macho, tutaendelea kesho. Barua ile haikuendelea kamwe.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Maneno haya ni ungamo langu mimi, kwa hiyo nina ruhusa kuwasimulia. Nilieleza habari ya komite, ya wasimamizi, ya inspekta. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: « Dhambi za watu hao nimezisikia. Zako ni zipi? » Ndipo nikasema habari ya dola 15. Akaniambia kwamba mwenye kuiba hulazimika kurudisha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Nikasema: « Padri, mwaka mmoja wa mtoto unarudishwaje? » Akajibu: « Mwaka huwezi kuurudisha. Rudisha ukweli. »

Nikarudi nyumbani, nikamwita binti yangu mbele ya mama yake, nikasema yote. Hakulia. Siku tatu hakusema nami ila salamu. Siku ya nne alileta daftari zake mezani akasema: « Baba, mwaka huu utanilipia shule tena. Lakini kitu kingine usilipe. »

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya jambo hili la kufuta matokeo, na napenda kuwaambia ninachoona.

Cheti ni nini? Cheti ni ushuhuda. Serkali inasimama mbele ya watu wote na kusema: huyu tumempima, anajua. Kesho mama mgonjwa atamwamini muuguzi kwa sababu ya ushuhuda ule. Watu watavuka daraja kwa sababu wanamwamini aliyelijenga. Ikiwa ushuhuda ni wa uwongo, tumeivunja amri ya nane, na tumewaibia wale ambao hatujawaona bado. Kwa hiyo Serkali ikijua kwamba mtihani wa chumba fulani umeharibika, haiwezi kuutolea ushuhuda. Lazima ifute. Hata mimi, baba wa mtoto asiyeiba, nakubali hivyo.

Lakini tuangalie vizuri. Kusema « hatuwezi kushuhudia matokeo haya » ni neno moja. Kusema « mtoto huyu ni mwizi » ni neno lingine. La kwanza linahusu karatasi. La pili linahusu roho ya mtu na jina lake. La kwanza linaweza kutolewa kwa mashaka yenye sababu. La pili linataka ushahidi, na mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Uchungu mwingi unatoka hapo, kwa sababu watu wanachanganya maneno haya mawili. Darasa la binti yangu lilipofutwa, mtaa mzima uliwaita wezi, wote pamoja.

Nilisoma habari moja ya Marekani iliyonifariji. Huko East Los Angeles kuna shule iitwayo Garfield. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa watu maskini waliotoka Mexico. Mwalimu wao wa hesabu, Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia, aliwafundisha kwa bidii kubwa, na mwaka wa 1982 wanafunzi 18 waliandika mtihani mgumu wa hesabu, wakashinda wote. Chama kilichosimamia mtihani ule, Educational Testing Service, kiliona kwamba makosa ya wengine yanafanana mno, kikawatilia mashaka wanafunzi 14. Watu wengi walikasirika, wakasema wanashukiwa kwa sababu ni maskini. Mpaka leo wengine wanabishana juu ya shaka ile ya kwanza. Lakini wanafunzi walipewa nafasi ya kurudia mtihani chini ya wasimamizi wengine. 12 kati yao wakarudia, nao wakashinda wote 12. Mabishano ya mwaka mzima yasingeweza kuonyesha kile kilichoonekana katika marudio yale: kwamba watoto wale walijua hesabu.

Karibu nasi pia limetokea. Mwaka wa 2022 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya watoto 2,194 wa darasa la saba kwa ajili ya udanganyifu. Watoto wa darasa la saba ni wadogo. Wengi wakauliza, je, hila hii ni ya watoto au ya watu wazima? Basi wakaruhusiwa kurudia mtihani, na wakarudia mwezi wa 12 wa mwaka ule ule. Karatasi mbovu ilitupwa, lakini mtoto hakutupwa pamoja nayo. Hivyo naona ni haki. Binti yangu hakupata nafasi kama hiyo. Alingoja mwaka mzima.

Mwaka uliofuata komite ya wazazi ilituita tena, na maneno yakawa yale yale ya wageni na mikono mitupu. Nikasimama. Miguu yangu ilitetemeka kama ya mtoto anayeitwa ubaoni. Nikasema: « Mwaka jana nilitoa dola 15 kununua usalama wa mtoto wangu, nikanunua kufutwa kwake. Mwaka huu sitoi. » Wengine walicheka. Mmoja akasema nitawaletea watoto wote bahati mbaya. Wazazi wanne walitoka pamoja nami; wengine walibaki na kutoa. Jirani yangu mmoja aliyekuwa katika komite ile hanisalimu mpaka leo, hata tukikutana mlangoni pa kanisa. Sikuwaambia ninyi kwamba kurudisha ukweli ni rahisi.

Binti yangu aliandika mtihani mwaka wa 2014. Alipata 56 kwa mia. Si nyingi, lakini zote ni zake. Jirani wengine walikuja na unga, wakampaka, wakanipaka na mimi. Leo ni muuguzi. Akipima dawa ya mtoto, anaihesabu mara mbili. Mimi humtazama nikanyamaza.

Ninyi wazazi, nawaomba jambo moja. Komite ikileta maneno matamu, ulizeni kwa sauti: feza hii inanunua nini? Mkiuliza hivyo, mara nyingi hamtapata jibu la kusemwa mbele ya watu.

Ninyi walimu wenzangu mnaosimamia mitihani, najua mshahara ni mdogo na unachelewa. Nimeishi nao miaka 31. Lakini msigeuke kutazama dirishani. Nyuma yenu yupo mtoto mmoja aliyeipitisha karatasi bila kuisoma, naye anawangojea mgeuke.

Na ninyi mnaoshika amri za mitihani, futeni yaliyo ya uwongo, hatukatai. Lakini anzeni na watu wazima waliouza na walionunua, hata mimi. Msikilizeni mtoto kabla ya kumpa jina la mwizi, na mpeni siku ya kurudia, asipoteze mwaka kwa kosa la baba yake.

Bwana wetu atujalie moyo wa kusema ukweli, hasa mbele ya watoto wetu.