Miaka ya Diwani Mstaafu wa Reli

Madiwani waliporudi Dar es Salaam mwaka 2000, hakuna aliyewapigia vigelegele katika kata yetu. Halmashauri ya Jiji ilikuwa imevunjwa mwaka 1996, taka zikiwa zimelala barabarani na mashimo yakimeza magurudumu, na serikali ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ile haikupigiwa kura na mtu, lakini ilizoa taka, ikaziba mashimo, ikabomoa vibanda vilivyokuwa vimeota mpaka katikati ya njia. Kwetu, upande wa Ilala, kando ya bonde la Msimbazi, wazee walisema waziwazi: kama mji unasafishika bila diwani, diwani wa nini?

Jiji likagawanywa kuwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na uchaguzi wa Oktoba ukatuletea mzee mmoja mstaafu wa reli. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kata. Niliandika mihtasari, nilipiga mihuri, nilitafuta mafaili yaliyopotea, na kwa vipindi vyake vyote vitatu nilikaa meza ya pembeni nikisikia kila aliyeingia na kila alichoomba. Kwenye vikao nilimwita Mheshimiwa. Nje ya vikao alikuwa baba, nami kwake nilikuwa mwanangu.

Siku zile watu waliijua manispaa kwa sura ya mgambo. Kodi ya maendeleo, ile iliyoitwa kodi ya kichwa, bado ilikuwepo, na kijana asiye na stakabadhi mfukoni alipita vichochoroni asikutane na msako. Kwa hiyo diwani alianza kazi akiwa amebeba chuki ya kodi ambayo hakuitunga yeye. Ilipofutwa mwaka 2003, mtaa mzima ulishangilia. Yeye alifurahi nusu. Aliniambia kwamba sasa manispaa itazidi kusubiri ruzuku ya Hazina, na anayesubiri kulishwa hachagui chakula. Wakati ule nilimwona mzee wa kupenda kulalamika tu.

Asubuhi, kabla hata ofisi haijafunguliwa, watu walikuwa wamejaa barazani kwake. Aliyefiwa alitaka sanda. Mwenye mtoto aliyefaulu alitaka ada. Jirani alikuwa amesogeza ukuta, bomba lilikuwa limepasuka, mume alikuwa ametoroka, taa ya barabarani haiwaki. Walidhani diwani ana fungu lake mahali fulani. Alichokuwa nacho ni posho ya mwezi, posho ya kikao, na haki ya kusimama katika baraza la madiwani kila robo mwaka akauliza swali.

Jibu lake la kwanza kwa karibu kila mtu lilikuwa swali: "Hilo ni la nani?" Mwanzoni watu waliudhika. Nakumbuka mama mmoja muuza vitumbua, mtaro mbele ya kibanda chake umefurika maji machafu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mtaro umeziba wiki ya pili sasa."

"Marahaba, mama. Mtaro huo ni wa nani?"

"Mimi nitajuaje? Kura yangu uliijua ni ya nani!"

Barazani walicheka, na mzee akacheka nao. Kisha akavaa kofia yake wakaenda kuuangalia. Ulikuwa mtaro wa barabara kuu, na barabara kuu zilikuwa mikononi mwa TANROADS, wakala ulioanza mwaka ule ule wa 2000. Manispaa isingeugusa. Bomba lilikuwa la mamlaka ya maji, DAWASA, nguzo ilikuwa ya shirika la umeme, TANESCO, barabara ya vumbi iliyoingia mtaani ilikuwa ya manispaa, na mgogoro wa mpaka ulikwenda Baraza la Kata. Diwani hakuwa na amri juu ya mhandisi hata mmoja kati ya hao. Alichofanya ni kuujua mlango, kwenda na mwenye shida, na kukaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mtu atoke. Mama wa vitumbua alikwenda naye, na safari iliyofuata akaenda peke yake, akiwa na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Mhuri wa kupokelewa ndio uliokuwa ugonjwa wake. Nadhani aliupata reli, ambako mzigo bila hati haupandi behewa. Kila barua iliyotoka kwetu ilitakiwa irudi nakala yenye tarehe na sahihi. Watendaji walinung'unika, nami nilinung'unika nao chini kwa chini, maana mwenye kupanga nakala zile nilikuwa mimi.

Mwaka 2006 likaja agizo la kila kata kuwa na sekondari yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulikuwa umejaza shule za msingi baada ya ada kufutwa, sasa watoto walikuwa wanafaulu na hawana pa kwenda. Vijijini watu walitenga shamba. Sisi tungetenga nini? Nyumba zilibanana kiasi kwamba jeneza lilitolewa kwa kuinamishwa. Kilichobaki wazi kilikuwa bonde na uwanja wa mpira. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mzee aliongoza akiwa mwenyekiti, ikakaa vikao vya kugombana. Mwenyekiti mmoja wa mtaa alitaka uwanja ukatwe nusu. Vijana wakaja na jezi zao, wakasimama madirishani kimya mpaka kikao kikaisha. Uwanja ukapona. Hatimaye tulipewa eneo mbali, kupita Gongo la Mboto, ikawa sekondari ya kata yetu iko kwenye kata ya watu. Watoto waliamka alfajiri kugombana na makonda wasiotaka wanafunzi wa nauli nusu.

Michango ndiyo iliyonifundisha siasa. Kila kaya ilitakiwa kutoa, na baada ya wiki chache minong'ono ikaanza kwamba fedha zinaliwa. Mzee hakuitisha mkutano wa kujitetea. Aliagiza kila mwisho wa wiki nibandike kwenye ubao wa matangazo karatasi moja: zilizoingia, mifuko ya saruji iliyonunuliwa, nondo, mabati, na jina la aliyepokea mzigo. Watu walisoma, wengine wakiwa na wanafunzi wa kuwasomea. Siku moja fundi mmoja aliuliza mbona mifuko iliyoandikwa ni mingi kuliko iliyofika kwenye ujenzi, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeipokea. Mtendaji mmoja alihamishwa baada ya hapo. Waliokuwa wamegoma kuchanga wakaanza kuleta, tena wakidai stakabadhi kabla hawajafungua pochi.

Swali la "ni la nani" lilishindwa bondeni. Kisheria bonde la Msimbazi lilikuwa eneo hatarishi, mtu asijenge. Lakini watu walikuwa wanaishi kule kwa vizazi, na serikali ilikuwa inaishi nao: TANESCO imewafungia mita, manispaa inapokea kodi ya majengo, mitaa ina wenyeviti waliochaguliwa kwa kura halali, na wanasiasa wa kila chama waliteremka kule kutafuta kura. Mzee mwenyewe aliwaombea kalavati, akaipata. Bwana mipango miji alimuuliza anaombaje kalavati mahali pasipotakiwa kuwa na nyumba. Alijibu kwamba watoto wanavuka pale kila siku kwenda shule. Wote wawili walikuwa na haki, na kalavati ile iliwavutia wengine wakajenga.

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilianza, ikanyesha kwa namna ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Watu wapatao 40 walikufa jijini. Wengine waliokolewa juu ya mapaa. Madarasa yakawa kambi, na ofisi yetu ikawa mahali pa kuandikisha waathirika. Hapo ndipo nilipomwona mzee amechoka. Serikali ilitoa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na orodha ya wa kupewa ikawa vita. Mwenye nyumba anasema ni yeye, mpangaji anasema godoro lililosombwa lilikuwa lake. Ndugu wawili wanadai chumba kimoja. Mzee alitumia mafaili yetu ya kodi na barua za utambulisho, zile nakala nilizokuwa nazilaani, kupambanua nani alikaa wapi. Hata hivyo wengi waliopelekwa Mabwepande walirudi, kwa sababu kibarua chao kilikuwa Kariakoo na nauli ilimeza mshahara.

Mwaka 2015 alishindwa kwenye kura za maoni za chama chake. Mshindani wake alitoa jezi, mipira na sufuria za misiba. "Huyu mzee wetu ametupa nini?" ndilo swali lililompiga. Hakuwa amempa mtu kitu, kweli. Mwezi Desemba mwaka huo huo alama za X nyekundu zilipigwa kwenye nyumba za mabondeni, na tingatinga likaanza kazi. Wenye nyumba hizo walikuja tena barazani kwake wakiwa na stakabadhi za kodi. Aliwaambia yeye si diwani tena, kisha akavaa kofia akaenda nao, safari hii wakiwa wanajua wenyewe wagonge wapi.

Tangu hapo udiwani umezidi kupungukiwa. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilipelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na mwaka uliofuata barabara za mitaa zikaenda kwa wakala mwingine, TARURA. Mwaka 2021 Ilala yenyewe ikafanywa Jiji. Pamoja na hayo yote, foleni barazani kwa diwani haijapungua. Ndiyo maana nikisikia diwani akisifiwa kwa ukarimu, huwa nauliza mara ya mwisho alisimama lini katika baraza kuuliza fedha za mtaro zimekwenda wapi, na kama jibu alilopewa alikuja kulibandika mahali tunapoweza kulisoma.