Mwaka Mmoja Langas

Nilipotaja Eldoret pale nyumbani Voi, Mama aliuliza jambo moja tu: "Si kule walikochomewa watu kanisani?" Ndiko. Wazee wetu walikuwa wakitafuta mtu wa kwenda kufundisha vijana katika kanisa dogo la Langas kwa mwaka mmoja, nami niliomba sana, moyo ukakataa kutulia mpaka nilipokubali. Nauli ya kwenda nilipewa. Nitaishi vipi, hakuna aliyejua.

Basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu. Timboroa baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, na mjini Eldoret nikapanda matatu nyingine ya barabara ya Kisumu. Langas ni mtaa uliosongamana, nyumba za mabati na za udongo bega kwa bega, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Wajaluo, Wakalenjin na Waturkana wakipatana bei kwa Kiswahili.

Mwenyeji wangu, mama mjane, alinipokea jikoni. Baadhi ya mabati ya paa lile yalikuwa na mabaka ya kutu na zambarau, rangi ambayo bati hupata likiungua. Akaona ninavyoyatazama. "Hayo ni ya nyumba ya kwanza, mwalimu. Niliyaokota nikayanyoosha kwa nyundo."

Mapema Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, alikimbia na watoto hadi kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, mjini. Askofu Cornelius Korir, Mkalenjin, alikuwa amewafungulia maelfu ya watu uwanja wa kanisa lile, wengi wao Wakikuyu waliokuwa wakiwindwa. Namheshimu sana kwa hilo. Hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba lango lingeheshimiwa usiku ule, wala kwamba unga ungetosha kesho yake. Aliendelea kuwa askofu wa Eldoret hadi alipofariki Oktoba 2017, akazikwa ndani ya kanisa lile lile.

Mama yule baadaye alihamia kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho. Serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ilikuwa Mei, na Uasin Gishu mahindi hupandwa Machi na Aprili. Ndugu zake walimwambia abaki. Yeye alikuwa akiomba hemani, na jibu alilopata lilikuwa fupi.

"Mungu hakuniambia waliotuchomea hawatarudi," alisema akipuliza moto. "Aliniambia nirudi nipande."

"Ukapanda nini na msimu umepita?"

"Maharagwe, mwanangu. Na sukuma."

Mwaka 2013, uchaguzi ulipokaribia, alifunga vyeti vya watoto na hati ya ploti kwenye begi. Mwaka 2017 akafunga tena. Hofu haikumtoka, na sidhani imani ilidai imtoke. Asubuhi alikwenda shambani, begi likabaki nyuma ya mlango.

Jumamosi nilikutana na vijana. Somo lilikuwa Ibrahimu kutoka Harani bila kujua aendako, nami nilikuwa nimelitayarisha vizuri. Hata sijafika katikati, msichana mmoja akanyoosha mkono. Kiambaa si mbali na Langas. Ndipo Januari 1, 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God lilipochomwa likiwa limejaa watu, wengi wao wanawake na watoto.

"Mwalimu, wale wa Kiambaa hawakuomba?"

Nikamwambia waliomba. Walimwamini Mungu yule yule, pengine kuliko sisi tulioketi pale, na anayefundisha kwamba kumtii Mungu ni kujikinga na moto anawatukana marehemu wale. Nikaweka kando maandishi yangu. Tukafungua Waebrania sura ya 11, tukasoma kwa zamu, kila mmoja mstari wake. Hatukuishia kwa Ibrahimu. Tuliendelea hadi kwa waliopigwa mawe na waliouawa kwa upanga, wale waliokufa na imani yao kabla ya kuipokea ahadi. Msichana yule aliomba asome mistari ya mwisho yeye mwenyewe.