Skrini Zilikuwa Nzima

Tuko Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Leo tunaandika juu ya skrini tatu zilizolala sakafuni miezi miwili sisi tukiamini zimekufa, na juu ya mwenzetu tuliyemkosea kwa sababu yake. Tunaandika ili kikundi kingine kisilipe ada tuliyolipa sisi.

Chumba chetu kina kompyuta moja ya mezani. Kila Jumamosi watu 14 wanajifunza kwayo: kuchapa, kukata video, kuweka maandishi chini ya mahojiano. Skrini ilikuwa moja, ya inchi 19. Mnajua inavyokuwa. Wenye mabega wanakaa mbele, wengine wanaangalia visogo. Dada zetu walianza watano, wote nyuma. Baadaye wakabaki wawili. Tulipomfuata mmoja wa walioacha, akatuuliza, "Nije kufanya nini? Kuangalia migongo yenu?" Hatukuwa na jibu.

Basi wafadhili fulani wakatuletea skrini tatu zilizotumika. Tukafurahi, tukapiga picha za kushukuru. Lakini hazikuja na waya wa picha hata mmoja.

Tulikuwa na waya mmoja wa zamani wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu. Tukauchomeka nyuma ya sipiyu, kwenye tundu la bluu lililo juu karibu na matundu ya USB. Skrini ikawaka, ikaandika kwamba haipati picha, ikazima. Tukajaribu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Tukasema, "Wametuletea takataka."

Mmoja wetu hakukubali. Aliona kwamba skrini yetu ya kwanza inatumia HDMI na inafanya kazi, na hizi mpya zina tundu la DisplayPort, lile linalofanana na HDMI lakini kona moja imekatwa. Akasema tununue waya wenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili. Tukampa shilingi 35,000 za akiba, akaenda Mbarara, akarudi nao. Tukachomeka. Giza.

Hapo maneno yakaanza. Eti amenunua waya feki. Eti chenji ameila. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini kambini neno halina mlango. Jumamosi mbili hakuja.

Aliyetutoa gizani ni papa mmoja jirani, fundi wa redio tangu kule Kivu. Aliushika ule waya, akausoma kichwani, akacheka kidogo. "Wanangu, huu ni mzima. Ila huu ni wa kwenda tu, hauna kurudi."

Kumbe waya wa kawaida wa DisplayPort na HDMI unapeleka picha upande mmoja tu: unatoka DisplayPort ya kompyuta, unaingia HDMI ya skrini. Sisi tulitaka utoke HDMI uingie DisplayPort. Kwa njia hiyo inatakiwa adapta nyingine kabisa, yenye kigeuzi ndani, na mara nyingi inahitaji umeme wake yenyewe. Dukani hakuna aliyetuuliza picha inatoka wapi kwenda wapi, na sisi hatukujua kwamba ni swali.

Halafu papa akageuza sipiyu. Juu, yaliposimama matundu ya USB, ni bodi kuu. Chini kuna kadi ya picha, na matundu yake yamelala: HDMI moja na DisplayPort mbili. Akatueleza kwamba kompyuta nyingi zikishawekewa kadi hiyo, zinafunga zenyewe matundu ya picha ya bodi kuu. Kwa hiyo lile tundu la bluu tulilochomeka mwanzo halikuwa linatoa kitu. Skrini zilisema ukweli: hazipati picha. Sisi ndio tuliotafsiri kwamba zimekufa.

Tulichanga upya tukanunua nyaya mbili za DisplayPort pande zote mbili. Skrini zote zikawaka. Kabla ya kushangilia tulienda kwa mwenzetu, wote, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Alirudi. Hakusema mengi. Waya wake tunautumia siku ya filamu: tunachomoa skrini moja, unatoka DisplayPort unaingia kwenye televisheni ya kuazima.

Sasa tunabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na P. Darasani tunachagua picha ile ile ionekane kwenye skrini zote: moja mbele, moja katikati, moja nyuma kabisa. Siku ya kazi tunachagua kutandaza: video hapa, maandishi pale, mahojiano kwenye ya tatu. Ukisikia mtu anakuuzia kigawanyio cha HDMI cha bei rahisi, jua kwamba kile kinarudia picha moja tu, hakitandazi.

Mbona tatu na si nne? Kadi ina matundu matatu. Na kuna betri. Sipiyu yetu inakula kama wati 90, kila skrini kama 25. Betri yetu ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ya asidi ukitaka idumu usivute zaidi ya nusu. Kwa skrini moja tunapata kama saa tano. Kwa tatu, saa tatu na nusu, na inveta nayo inachukua chake. Kwa hiyo skrini ya nyuma inawaka saa za darasa tu. Ile iliyobaki ni akiba.

Kwa ninyi wa mashirika mnaotusoma: tunashukuru, kweli. Lakini kabla ya kupakia skrini kwenye gari, tuombeni tu picha ya nyuma ya sipiyu. Mtaona matundu, mtaleta nyaya zake. Ni kazi ya dakika moja, na ingetuokolea miezi miwili.

Na kwa vijana wenzetu: skrini ikikataa, angalia kwanza umechomeka kwenye kadi au kwenye bodi. Angalia kama skrini yenyewe imechaguliwa tundu sahihi, kwa kile kitufe chake cha pembeni. Uliza waya unatoka wapi kwenda wapi. Mtu mseme mwisho, tena akiwepo.

Dada wawili kati ya wale watatu wamerudi. Wa tatu alishaolewa Juru. Tumemtumia ujumbe kwamba nyuma sasa kunaonekana.